UZI: "Meli 15 zinachafua hewa kuliko magari yote duniani" – ukweli wake, na jambo ambalo halisemwi

#1 Mwanamashine (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kila baada ya miezi michache inazunguka ile picha ya meli kubwa ya makontena, juu yake imeandikwa kwamba meli 15 tu zinachafua hewa kuliko magari yote ya dunia. Jana nimetumiwa tena na watu watatu tofauti. Nimefanya kazi miaka mingi chini kwenye chumba cha mashine cha meli za mizigo, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niweke uzi.

Takwimu ile ilihusu salfa peke yake. Ilianza kusambaa mwaka 2009, wakati sheria za kimataifa zikiruhusu mafuta ya meli yawe na salfa hadi asilimia 4.5. Dizeli ya magari ya Ulaya ina kikomo cha sehemu 10 kwa milioni. Gari halina salfa ya kutoa, hivyo ukilipimanisha na meli kwa salfa tu, matokeo unayajua kabla hujaanza kuhesabu. Shida ni kwamba anayeipokea ile picha haoni neno salfa. Anaona "uchafuzi", anaweka humo na joto la dunia na kila kitu.

Kwenye gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, hesabu ni nyingine kabisa. Utafiti wa nne wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa bahari, ulitoka 2020. Unasema meli zote kwa pamoja zilitoa tani milioni 1,076 za gesijoto mwaka 2018, yaani asilimia 2.89 ya zile zinazotokana na shughuli za binadamu. Magari na malori yanatoa mara kadhaa ya hizo. Na meli hizo ndizo zinazobeba zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya kimataifa kwa ujazo. Tani moja ya mzigo ikisafiri kilomita moja ndani ya meli kubwa ya makontena, hewa ukaa yake huwa chini ya gramu 20. Kwenye lori huanzia kama gramu 60 kwenda juu, kwenye ndege gramu 500 na kuendelea.

Sasa msije mkadhani nimekuja kuisafisha meli. La hasha. Kinachoniuma ni kwamba takwimu mbovu inaificha ile nzima. Watu wanabishana kuhusu meli 15 wakati kuna zaidi ya tani bilioni moja za gesi kila mwaka, kuna watu wanaovuta moshi wa bandarini, na kuna dawa rahisi ambayo karibu hakuna anayeitaja. Nitaifikia. Kwanza mafuta yenyewe.

#2 Mwanamashine

Mafuta mazito ya meli ni masalia. Kiwanda kikishatoa petroli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa na dizeli, kinachobaki chini ndicho tunachouziwa sisi. Ukiyachota kwenye kopo yakapoa, kisha ukalipindua, yanashuka taratibu kama lami inayojifikiria. Kwa hiyo tunaishi kwa kuyapasha moto. Kwenye matangi yanawekwa nyuzijoto 40 hadi 50 ili pampu iweze kuyavuta. Kwenye mashine ya kuyazungusha na kuyasafisha yanafika 98. Kabla ya kuingia kwenye silinda yanapandishwa mpaka 130, mengine 150, ndipo yawe mepesi ya kupulizika. Bomba likipoa, umefunga duka.

Kazi niliyoichukia ni kufungua ile mashine ya kusafishia kwenye zamu ya usiku. Ndani ya bakuli lake unakuta ukoko mweusi unaokwangua kwa kijiti cha mbao. Ukiusugua kati ya vidole unahisi mchangamchanga. Zile ni chembe za alumini na silika zilizobaki kutoka kiwandani, zenye uwezo wa kukwaruza silinda mpaka ukaibadilisha. Harufu yake haitoki mikononi kwa sabuni ya mara moja. Nilikuwa nikiutazama ule ukoko najiuliza: hiki ndicho tulichofanikiwa kukinasa, je, kilichopita? Kilichopita kinachomwa, kinapanda dohani.

Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa kilishushwa kutoka asilimia 3.5 (ile 4.5 ilikuwa imeondolewa 2012) hadi asilimia 0.5. Ni hatua kubwa, nilikuwepo, nimeiona dohani ikibadilika rangi. Kwenye maeneo maalumu kikomo ni asilimia 0.1 tangu 2015: Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Amerika Kaskazini na sehemu ya Karibi iliyo chini ya Marekani. Mediterania imeingia Mei 2025. Hata hivyo, asilimia 0.5 bado ni mara 500 ya dizeli ya gari la Ulaya. Fanya hesabu mwenyewe.

#3 Mpima Hewa

Mwanamashine, asante kwa uzi. Mimi niko upande wa afya, naomba niongeze kidogo.

Salfa haiui kwa jina lake. Ikitoka dohani inageuka hewani kuwa chembe ndogo sana, ndogo kuliko upana wa unywele mara nyingi, zinazopita pua na koo bila kuzuiwa mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana wanaoumia si wenye pumu tu. Moyo nao unaumia, na kiharusi kinaongezeka.

Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha makadirio kwamba kama kikomo cha 2020 kisingewekwa, moshi wa meli ungesababisha vifo vya mapema karibu 400,000 kwa mwaka na visa milioni 14 vya pumu kwa watoto. Kikomo kikiwekwa, vifo vinashuka hadi takriban 250,000 na pumu ya watoto hadi milioni 6.4. Kwa hiyo sheria imeokoa watu wengi sana, na papo hapo robo milioni wanabaki wakifa kila mwaka. Mtu anayesema "si sheria ilishapita 2020" asome hiyo sentensi mara mbili.

Na ugawaji wake hauna haki. Hewa ukaa inatugusa wote, lakini moshi huu unamshukia zaidi aliye karibu: mkazi wa jirani na bandari, kuli, dereva wa lori anayepanga foleni langoni, na ninyi mlio ndani ya meli.

#4 Kalamu Kavu

Mkuu Mwanamashine, swali la mtu asiye fundi. Mbona injini za meli zisitengenezwe vizuri tu zisichafue? Gari langu la mwaka juzi halitoi moshi hata kidogo.

#5 Mwanamashine

Kalamu Kavu, swali zuri, na jibu lake litakushangaza: injini za meli ni miongoni mwa injini bora kabisa duniani kwa kutumia mafuta.

Chukua ile iliyofungwa kwenye meli ya makontena Emma Mærsk mwaka 2006, Wärtsilä-Sulzer ya silinda 14. Ina uzito wa tani 2,300, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, nguvu kama megawati 80, na inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Unaweza kuhesabu mizunguko kwa mdomo ukiwa umesimama kando yake. Karibu nusu ya nishati ya mafuta inageuka kuwa kazi kwenye shafti, wakati injini ya petroli barabarani hata theluthi inaipata kwa taabu. Kwa hiyo kila gramu ya mafuta inafanya kazi kweli. Ila ikiendeshwa kwa nguvu zote inakula takriban tani 300 za mafuta kwa siku, na kila tani ya mafuta mazito ikiungua inatoa tani 3.1 za hewa ukaa. Uzito unaongezeka kwa sababu kaboni inajitwalia oksijeni ya angani.

Na ubora huohuo una gharama yake. Mafuta yanaungua vizuri kwa sababu joto na shinikizo ndani ya silinda ni kali. Kwenye joto lile nitrojeni ya kwenye hewa ya kawaida, ambayo haina kosa lolote, inaungana na oksijeni na kuwa oksidi za nitrojeni. Ukishusha joto ili kuzipunguza, unakula mafuta zaidi. Dawa ni kupitisha moshi kwenye kichocheo pamoja na urea, kama malori ya kisasa. Meli mpya zinazoingia maeneo maalumu zinatakiwa zishushe oksidi hizo hadi gramu 3.4 kwa kila kilowati-saa kwa injini zile za taratibu, kutoka 17 za kikomo cha kwanza kabisa. Tatizo ni neno "mpya". Sheria inatazama mkuku, yaani uti wa chini wa meli, umelazwa lini, na meli inaishi miaka 25 au zaidi. Pia kichocheo kinataka moshi wa moto. Meli ikikaribia bandari inapunguza nguvu, moshi unapoa, na mtambo unafanya kazi vibaya palepale penye watu.

#6 Nahodha Mstaafu

Nimeusoma uzi wote. Mwanamashine amesema kuna dawa rahisi isiyotajwa, na mimi nadhani najua anaelekea wapi. Naomba niseme kutoka darajani, maana sisi ndio tulioishika ile mikono ya kuamrisha mwendo.

Maji hayasukumwi kama hewa. Ukiongeza mwendo wa meli, nguvu inayohitajika inapanda takriban kwa kipeo cha tatu. Meli iliyokuwa inakwenda noti 24, yaani maili 24 za bahari kwa saa, ukiishusha hadi 18, mwendo umebaki robo tatu, lakini nguvu ya injini imeshuka hadi asilimia kama 42. Safari inachukua muda mrefu zaidi kwa theluthi moja, ndiyo, lakini mafuta ya safari nzima yanakuwa asilimia kama 56 ya yale ya mwanzo. Karibu nusu imebaki kwenye tangi, bila kubadilisha hata boliti.

Hili si jambo la kubuni. Mafuta yalipopanda bei 2008, kisha biashara ya dunia ikaanguka, makampuni yalishusha mwendo yenyewe. Tulizoea 24 na 25, tukaanza kwenda 18, wakati mwingine chini ya hapo. Mafundi waliogopa injini zitajaa masizi kwa kuendeshwa kwa nguvu ndogo, tukajifunza namna ya kuzitunza. Ilikuwa kwa ajili ya pesa, sawa, lakini hewa haikuuliza nia yetu.

Sasa niwaambie kilichonitesa miaka yote. Nimewahi kuamrishwa niende kwa kasi kamili siku sita, mchana na usiku, na upepo wa omo unatupiga, ili tuwahi. Tukafika. Tukatia nanga nje ya bandari. Tukakaa siku tisa tukisubiri gati, na mashine za umeme zinaunguruma muda wote. Kutoka darajani nilizihesabu meli 17 zimelala vilevile, na nyingi bila shaka zilikimbia kama sisi. Ofisini walijua gati halitakuwa wazi. Walijua!

#7 Kalamu Kavu

Nahodha, sijaelewa. Kama walijua, kwa nini wachome mafuta bure?

#8 Nahodha Mstaafu

Kwa sababu ya mkataba, mwanangu. Mikataba mingi ya kukodi meli inamtaka nahodha aende "kwa haraka iwezekanavyo". Ukifika unatoa notisi kwamba uko tayari, na saa inaanza kuhesabu. Muda uliopangwa wa kupakua ukipita, mkodi anamlipa mwenye meli fidia ya kucheleweshwa. Kufika mapema ni pesa kwa mmoja. Bandari nyingi nazo zinahudumia kwa kufuata aliyetangulia, kwa hiyo ukipunguza mwendo umempa mwenzako nafasi yako. Nahodha anayeshusha mwendo kwa akili yake mwenyewe anaonekana amevunja mkataba.

Dawa ipo: bandari imwambie nahodha angali mbali, "gati lako litakuwa wazi Alhamisi saa kumi jioni", na mkataba umruhusu afike saa hiyohiyo bila kupoteza haki ya mtu yeyote. Vifungu vya mikataba vya namna hiyo vimeshaandikwa. Vinatumika kidogo kuliko vinavyostahili.

#9 Mwanamashine

Nahodha umenimalizia, na ndicho kiini cha uzi huu. Tunangojea mafuta mapya ya miujiza wakati meli inaunguza mafuta kwa kukimbilia kwenye foleni.

Kuna ndugu yake tatizo hili. Mara nyingi mwenye meli si yule anayelipia mafuta. Mkodi ndiye anayelipa. Ukimwambia mwenye meli aweke rafadha (pangaboi la kuisukuma meli) bora au apake rangi ya bei kubwa ya kuzuia viumbe wa baharini wasijigandishe chini, anakuuliza: faida yangu iko wapi? Niliwahi kuiona meli ikipandishwa chelezoni baada ya kukaa muda mrefu kwenye maji ya joto. Chini ilikuwa na magamba magumu kama vikombe vidogo, yamesongamana, na nywele za kijani zenye urefu wa kiganja. Mafundi walipokuwa wakikwangua yalikuwa yanaanguka kwa ndoo. Na sisi miezi ile tulikuwa tunalaumiwa kwamba injini inakula sana! Injini ilikuwa nzima. Ilikuwa inaburuta shamba.

#10 Swali Lako

Na vipi kuhusu zile mashine za kuosha moshi? Nilisoma kwamba ukiifunga unaruhusiwa kuendelea na mafuta yaleyale machafu.

#11 Mwanamashine

Ni kweli. Maelfu ya meli zimefungwa mitambo hiyo kwa sababu mafuta mazito ni ya bei nafuu. Maji ya bahari yananyunyiziwa kwenye moshi, yanaichukua salfa. Aina nyingi ni za wazi, maana yake maji yale, yakiwa na tindikali, metali na mabaki ya mafuta, yanarudishwa baharini. Hewa imesafishwa kwa kuyachafua maji. Singapore ilipiga marufuku kumwaga maji hayo bandarini kwake tangu 2020, na Denmark imekataza kwenye maji yake tangu Julai 2025. Mimi nawaunga mkono kabisa.

#12 Daftari la Fizikia

Nina hoja moja nataka ijibiwe kwa utulivu. Chembe za salfa zinang'arisha mawingu juu ya bahari, na mawingu yanayong'aa yanarudisha mwanga wa jua. Ile mistari myeupe ya mawingu iliyokuwa ikionekana kwenye picha za setilaiti, ikifuata njia za meli, imepungua sana baada ya 2020. Kwa hiyo kuondoa salfa kumefunua joto lililokuwa limefichwa. Je, hatukujipiga risasi?

#13 Mpima Hewa

Daftari, sayansi uliyoitaja ni sahihi, ubishi uliopo ni wa kiasi gani. Lakini angalia muda. Chembe za salfa zinakaa hewani siku chache tu, hewa ukaa inakaa karne. Ile salfa ilikuwa inalificha joto, haikuliondoa, na ilikuwa inalificha kwa kuwaua watu. Kuirudisha ili kupoza dunia ni kuwaomba wakazi wa bandarini walipe kwa mapafu yao. Somo lake ni kwamba hewa ukaa ipunguzwe haraka zaidi.

#14 Swali Lako

Basi tuje kwenye mafuta mapya. Gesi asilia, methanoli, amonia, betri. Kipi ni kipi?

#15 Mwanamashine

Kwa kifupi, kwa jinsi ninavyoviona mimi.

Betri ni nzuri kwa safari fupi. Norway wanayo Yara Birkeland, inabeba makontena 120, betri yake ni kama megawati-saa 7. Meli inayotumia megawati 30 kwa siku 20 inahitaji megawati-saa 14,400. Hizo ni betri kama 2,000 za namna ile. Mzigo utakaa wapi?

Gesi asilia inatoa hewa ukaa pungufu kwa takriban robo, na salfa karibu hakuna. Lakini yenyewe ni methani, na sehemu inapita kwenye silinda bila kuungua. Ukihesabu kwa miaka 20, methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa. Kuna injini zinazovujisha kidogo na kuna zinazovujisha sana, hivyo mtu akikuambia "meli ya gesi ni safi", muulize ni injini gani.

Methanoli ni kimiminika cha kawaida, inakaa kwenye tangi bila kupozwa. Laura Mærsk ilianza 2023 ikiwa meli ya kwanza ya makontena kuitumia. Tangi lake linatakiwa liwe zaidi ya mara mbili kwa nishati ileile, na methanoli iliyotengenezwa bila mafuta ya kisukuku bado ni chache mno.

Amonia haina kaboni kabisa. Ila ni sumu. Ikivuja kwenye chumba cha mashine, hata dakika moja ni nyingi. Naitaka ifaulu, lakini wanaopanga mambo haya wawasikilize mabaharia kabla ya kuifunga, si baada ya msiba wa kwanza.

Na upepo! Mhandisi Mjerumani Anton Flettner aliziweka nguzo zinazozunguka, za kuutumia upepo kama tanga, kwenye meli Buckau mwaka 1924, ikavuka Atlantiki 1926. Karibu karne baadaye nguzo hizo zimerudi. Mwaka 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean ilifungwa mabawa mawili yanayosimama kama tanga, ya urefu wa mita 37.5. Haviendeshi meli peke yake, vinapunguza mafuta, na vinafanya kazi vizuri zaidi meli ikienda taratibu. Tumerudi palepale kwenye mwendo.

#16 Kalamu Kavu

Serikali zinasemaje?

#17 Mpima Hewa

Julai 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kufikia sifuri ya gesijoto karibu na 2050, na kupunguza angalau asilimia 20 ifikapo 2030 kwa kulinganisha na 2008. Aprili 2025 zikapitisha rasimu ya kuzitoza meli zinazozidi kiwango. Oktoba 2025, zilipokutana London kuithibitisha, kura ikaahirisha jambo lote kwa mwaka mmoja. Nilisikitika sana siku ile. Umoja wa Ulaya haukusubiri: tangu 2024 meli kubwa zinazoingia bandari zake zinalipia hewa ukaa, na kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zitatakiwa kwenye bandari kuu zichomeke umeme wa nchi kavu badala ya kuwasha jenereta. Gothenburg walianza hilo tangu 2000. Kwa afya ya jirani wa bandari, hakuna kitu ninachokitamani kuliko ule waya.

#18 Mwanafunzi wa Mashine

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili chuo cha ubaharia, napanda meli mwezi ujao kwa mazoezi. Nikiwa mdogo kabisa melini, kuna lolote naweza kufanya?

#19 Mwanamashine

Marahaba, mdogo wangu. Lipo. Kila siku saa sita mchana meli inaandika ripoti: umbali uliokwenda, mwendo, mizunguko ya injini, mafuta yaliyotumika, upepo, mawimbi. Omba ruhusa kwa injinia mkuu uzinakili kwenye daftari lako kwa safari nzima. Chora mwendo upande mmoja na mafuta kwa maili upande wa pili, ukizitenga siku za bahari mbaya. Andika pia tarehe ya mwisho meli iliposafishwa chini. Ukikuta mafuta yanapanda kwa mwendo uleule na bahari tulivu, mpelekee mkuu wako ule mchoro, kwa adabu, bila kumlaumu mtu. Na siku mtakazolala nanga mkisubiri gati, rudi nyuma uandike mlikuwa mnakwenda noti ngapi wiki iliyotangulia.

Ukishuka, lete daftari hilo humu. Mimi na Nahodha tutalipitia nawe ukurasa kwa ukurasa.